Mwongozo kamili wa kumhudumia mgonjwa wa sepsisi katika chumba cha wagonjwa mahututi

Sepsisi ni hali ambayo mwili, ukiwa unapambana na maambukizi, huitikia kwa namna iliyovurugika kiasi cha kuanza kuviharibu viungo vyake wenyewe. Ndivyo wataalamu walivyoielewa walipoifafanua upya mwaka 2016, na tangu hapo hatutegemei tena homa na hesabu ya chembe nyeupe pekee kuitambua, bali tunatazama kama mapafu, moyo, figo, ini, ubongo na mfumo wa kugandisha damu vimeanza kulegea. Makadirio ya dunia kwa mwaka 2017 yalionyesha wagonjwa milioni 48.9 na vifo milioni 11, sehemu kubwa ikiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na mwaka huohuo Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuitaka kila nchi iipe sepsisi uzito wake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa madaktari, wauguzi na matabibu wanaohudumia watu wazima katika ICU (vyumba vya wagonjwa mahututi) za Afrika Mashariki, pamoja na wale wanaompokea mgonjwa kabla kitanda cha ICU hakijapatikana. Unafuata kwa sehemu kubwa miongozo ya mwaka 2021 ya Surviving Sepsis Campaign, kampeni ya kimataifa ya kupambana na sepsisi, lakini unasimama pia juu ya tafiti zilizofanyika katika hospitali zetu na za jirani, kwa sababu baadhi ya majibu yaliyopatikana Lusaka, Kilifi na Mbale hayakufanana na yale yaliyotarajiwa. Msimamo wake ni mmoja: katika sepsisi, kutoa tiba ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kurudi kitandani, kupima tena na kuamua upya.

Hatua ya kwanza: tambua mapema, usingoje homa

Mgonjwa wa sepsisi hutangaza hali yake kwanza kwa pumzi na kwa akili. Anapumua haraka, mara 22 au zaidi kwa dakika, anachanganyikiwa au anakuwa mzito kuamka, na presha ya juu (namba ya kwanza ya kipimo cha presha) inashuka hadi 100 au chini yake. Alama hizi tatu ni rahisi na hazihitaji maabara, ila zisitumike peke yake kuamua kwamba mgonjwa hana sepsisi, maana wengi hupita katikati yake. Mzee, mgonjwa wa figo au mtu anayetumia steroidi anaweza kuwa na maambukizi makali huku joto la mwili likiwa la kawaida au hata chini ya nyuzi 36.

Ndani ya ICU tunatumia alama za SOFA, zinazopima viungo vimelegea kiasi gani. Kila mfumo kati ya mifumo sita hupewa alama 0 hadi 4: upumuaji, chembe sahani za damu, bilirubini, mzunguko wa damu, fahamu, na figo kwa kutazama kreatinini na mkojo. Mgonjwa mwenye maambukizi ambaye alama zake zimepanda kwa 2 au zaidi kutoka hali yake ya awali ana sepsisi. Akihitaji dawa ya kupandisha presha ili wastani wa presha ufike 65 mmHg, na lakteti (kemikali inayopanda kwenye damu viungo visipopata oksijeni ya kutosha) ikabaki juu ya 2 mmol/L ingawa amepewa maji ya dripu ya kutosha, huyo yuko katika mshtuko wa sepsisi.

Wastani wa presha hupatikana kwa kujumlisha presha ya juu na presha ya chini mara mbili, kisha kugawa kwa tatu. Mgonjwa mwenye 90/45 ana wastani wa 60. Ninalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa presha ya juu ya 90 humtuliza mtu aliye zamu, ilhali wastani wake unaonyesha kwamba figo hazipati damu inayotosha.

Yapo magonjwa yanayofanana na sepsisi au yanayoambatana nayo katika ukanda wetu, nayo lazima yaulizwe tangu dakika za mwanzo. Kipimo cha malaria kifanyike kwa kila mgonjwa anayetoka eneo lenye malaria au aliyesafiri huko. Ikithibitika kuwa kali, artesunate, dawa ya malaria, hutolewa kwa mshipa kwa kipimo cha 2.4 mg kwa kilo wakati wa kuanza, saa ya 12 na saa ya 24, kisha kila siku hadi mgonjwa aweze kumeza dawa mseto. Hali ya VVU ijulikane. Kwa mwenye VVU aliye mahututi, kipimo cha mkojo cha kutafuta kifua kikuu na kipimo cha damu cha kriptokokasi, aina ya kuvu, vinaweza kubadilisha matibabu yote siku hiyohiyo, kwa sababu kifua kikuu kilichoenea kwenye damu hakitibiki kwa antibiotiki kama ceftriaxone hata ikitolewa kwa saa kamili.

Hatua ya pili: sampuli, kisha antibiotiki

Mgonjwa akiwa katika mshtuko, au sepsisi ikiwa inaelekea kuwa ya hakika, antibiotiki iingie ndani ya saa moja tangu kutambuliwa. Kama hakuna mshtuko na bado unashuku kwamba tatizo ni jingine, una hadi saa tatu za kuchunguza haraka. Muda huu wa pili usiogopwe: kumpa kila mwenye homa meropenem, antibiotiki yenye nguvu kubwa, kunalisha usugu wa dawa ambao wodi zetu tayari zinaulipia.

Kabla ya dozi ya kwanza, chukua damu ya kuotesha kutoka sehemu mbili tofauti, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Damu ndogo ndiyo sababu kubwa ya majibu ya uongo yanayosema hakuna kilichoota. Safisha ngozi kwa klorheksidini yenye spiriti na uiache ikauke. Ikiwa kuna katheta (mrija) ya mshipa mkubwa, seti moja itoke humo. Ongeza mkojo, makohozi au usaha kulingana na dalili. Lakini kama kuchukua sampuli kutachelewesha dawa kwa zaidi ya dakika 45, anza dawa.

Uchaguzi wa dawa hutegemea maswali matatu: maambukizi yametoka wapi mwilini, mgonjwa ameyapata nyumbani au hospitalini, na maabara yenu imekuwa ikiotesha nini katika miezi ya karibuni. Mgonjwa aliyetoka nyumbani na nimonia hawezi kutibiwa sawa na aliyekaa ICU siku sita akiwa na mpira wa mkojo na mashine ya kupumulia, na ambaye tayari amepewa ceftriaxone. Kwa huyu wa pili, bakteria kama Klebsiella inayovunja nguvu za cephalosporini (jamii ya ceftriaxone) au Acinetobacter ni wageni wa kutarajiwa, hivyo meropenem 1 g kila saa 8, pamoja na antibiotiki ya amikacin ikiwa takwimu za maabara yenu zinaiunga mkono, ni mwanzo wenye busara. Vancomycin iongezwe pale tu kuna sababu ya kushuku stafilokokasi sugu, kwa mfano katheta yenye usaha au maambukizi makali ya ngozi.

Dozi ya kwanza isipunguzwe kwa sababu ya figo. Mgonjwa huyu amejaa maji nje ya mishipa, na dawa husambaa katika eneo kubwa kuliko kawaida. Marekebisho ya figo yanaanza dozi zinazofuata, na dawa za jamii ya penisilini na meropenem ziendeshwe taratibu kwa saa 3 hadi 4 baada ya dozi ya kwanza ya haraka. Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa: ceftriaxone isipite kwenye mrija mmoja kwa wakati mmoja na dripu ya Ringer lakteti, kwa kuwa hushikana na kalisi iliyomo na kuganda. Safisha mrija kwanza kwa salaini.

Katika hospitali nyingi dozi ya kwanza huchelewa kwa sababu ndugu wametumwa duka la dawa la nje. Dawa ya saa ya kwanza haipaswi kungoja fedha ya ndugu. Kila ICU na kila chumba cha dharura kiwe na sanduku lenye chupa za kuoteshea damu, dozi za mwanzo za antibiotiki mbili au tatu, maji ya dripu na noradrenalini (dawa ya kupandisha presha), likaguliwe kila mwanzo wa zamu na kujazwa tena malipo yakifuatia baadaye. Sijui hatua nyingine yenye gharama ndogo kiasi hiki inayookoa muda mwingi kiasi hicho.

Hatua ya tatu: maji, kwa vipimo

Hapa ndipo penye makosa mengi, ya pande zote mbili.

Miongozo ya 2021 inapendekeza angalau mililita 30 kwa kilo ndani ya saa tatu za kwanza kwa mgonjwa mwenye presha ya chini au lakteti iliyopanda. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 1,800. Waandishi wenyewe waliliita pendekezo hafifu, na tunayo sababu ya kulichukua kwa uangalifu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika viungoni, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi na Mbale, na ukaonyesha kwamba waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: kiasi cha asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Hao walikuwa watoto, na wodi zao hazikuwa na mashine za kupumulia. Lakini mwaka 2017 majibu kutoka Hospitali ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiwa na VVU, yalielekea upande uleule: waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi mapema walikufa asilimia 48.1, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.0.

Somo la tafiti hizi halisemi kwamba mgonjwa mkavu anyimwe maji. Mwenye kuhara, kutapika au aliyelala siku nne nyumbani bila kunywa anayahitaji, tena upesi. Somo ni kwamba kiasi kikubwa kisiandikwe kwa mkupuo mmoja na kuachwa kikitiririka wakati daktari ameenda kwa mgonjwa mwingine. Toa Ringer lakteti mililita 250 hadi 500 kwa dakika 15 hadi 30, simama hapo kitandani, kisha pima tena kabla ya kutoa nyingine. Usitumie maji yenye wanga wa hydroxyethyl, kwa kuwa huumiza figo.

Unapima nini? Kwanza muda wa damu kurudi kwenye kidole: bonyeza ncha ya kidole cha shahada kwa sekunde 10 mpaka iwe nyeupe, achia, na uhesabu. Ikizidi sekunde 3, damu haifiki vizuri. Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK, uliofanyika katika nchi tano za Amerika Kusini na kuchapishwa mwaka 2019, ulilinganisha kuongozwa na kidole hiki na kuongozwa na lakteti. Vifo vilikuwa asilimia 34.9 kwa kidole na 43.4 kwa lakteti, tofauti ambayo haikutosha kitakwimu kutangaza ushindi, lakini inatosha kumwondolea unyonge daktari ambaye hospitali yake haina kipimo cha lakteti. Kwa ngozi nyeusi tumia upande wa ndani wa ncha ya kidole, penye mwanga wa kutosha.

Pili, sikiliza mapafu na hesabu pumzi. Sauti mpya za maji chini ya mapafu, pumzi inayoongezeka au oksijeni inayoshuka ni amri ya kusimamisha dripu. Tatu, inua miguu ya mgonjwa nyuzi 45 huku kiwiliwili kikiwa kimelala, na utazame ndani ya dakika moja; kama mtiririko wa damu unaopimwa kwa ultrasaundi ya moyo haukuongezeka kwa asilimia 10 au zaidi, maji zaidi hayatasaidia. Nne, mkojo: lengo ni angalau mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, yaani mililita 30 kwa mtu wa kilo 60. Lakteti, kama ipo, irudiwe kila saa 2 hadi 4 mpaka ishuke.

Hatua ya nne: dawa za kupandisha presha

Noradrenalini ndiyo ya kwanza. Lengo ni wastani wa presha wa 65, na hakuna faida ya jumla iliyoonekana kwa kuufikisha 80 au 85. Kama presha ni ya chini sana, isingoje maji yaishe. Ianze sambamba nayo, hata kupitia mshipa wa mkono kabla katheta ya shingoni haijawekwa. Mshipa huo uwe mnene, kwenye kunjo la kiwiko au juu yake, kamwe si wa kiganja, na eneo likaguliwe angalau kila saa. Ngozi ikipauka au kuvimba, simamisha, hamishia dawa mshipa mwingine, vuta kilichobaki kwa sirinji, na choma phentolamine (dawa ya kulegeza mishipa) 5 hadi 10 mg katika mililita 10 za salaini kuzunguka eneo hilo ikiwa inapatikana.

Hesabu yake ni hii. Weka 4 mg ndani ya mililita 50 za dekstrosi ya asilimia 5. Kila mililita ina mikrogramu 80. Mtu wa kilo 60 anayehitaji mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika anahitaji mikrogramu 360 kwa saa, na pampu ya sirinji iwekwe mililita 4.5 kwa saa. Soma ampuli kwa makini, kwa maana watengenezaji wengine huandika uzito wa tartrate na wengine uzito wa noradrenalini yenyewe, na 2 mg za tartrate ni sawa na 1 mg ya noradrenalini. Timu nzima ikubaliane kuandika kwa namna moja.

Noradrenalini ikifika mikrogramu 0.25 hadi 0.5 kwa kilo kwa dakika na presha bado haijasimama, ongeza vasopressin uniti 0.03 kwa dakika. Pasipo vasopressin, kama ilivyo mahali pengi kwetu, adrenalini ndiyo mbadala. Kumbuka tu kwamba yenyewe hupandisha lakteti, hivyo baada ya kuianza kiamini kidole zaidi kuliko maabara. Dopamini huleta mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio mara nyingi zaidi, na ninashauri itumike pale tu hakuna kingine. Moyo ukionekana dhaifu kwenye ultrasaundi, dobutamine, dawa ya kuupa moyo nguvu, iongezwe juu ya noradrenalini.

Mgonjwa anayehitaji noradrenalini ya 0.25 au zaidi kwa saa nne apewe steroidi ya hydrocortisone 50 mg kila saa 6. Hydrocortisone isitishwe pale dawa za presha zinapoondolewa.

Hatua ya tano: ondoa chanzo

Antibiotiki haifanyi kazi vizuri ndani ya usaha. Jipu la tumbo, utumbo uliotoboka, mkojo uliooza nyuma ya jiwe, mabaki ya kondo baada ya kujifungua, mshono wa upasuaji uliooza ndani, au nyama inayokufa chini ya ngozi havitibiki kwa dripu. Chanzo kitafutwe mara moja kwa mikono, ultrasaundi na, panapowezekana, picha ya CT, na kiondolewe mapema, kwa kawaida ndani ya saa 6 hadi 12 tangu kitambuliwe. Nyama inayokufa haina hata saa hizo.

Mara nyingi daktari wa upasuaji hujibu kwamba mgonjwa ni dhaifu mno kwa upasuaji, na timu ya ICU hujibu kwamba hatapata nguvu bila upasuaji. Mazungumzo haya yafanyike kitandani, wote wakiwapo pamoja na mtaalamu wa usingizi, na yaishe kwa uamuzi wenye saa yake. Kuchomoa usaha kwa sindano chini ya ultrasaundi kunaweza kutosha kwa siku ya kwanza. Mama aliyejifungua achunguzwe kizazi kila mara, hata kama amelazwa kwa nimonia. Na katheta ya mshipa inayoshukiwa itolewe, baada ya njia nyingine kupatikana.

Hatua ya sita: pumzi

Oksijeni ilenge asilimia 92 hadi 96. Kifaa cha kidoleni kinaweza kusoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo 92 inayoyumba kwa mgonjwa anayehangaika ithibitishwe kwa damu ya ateri.

Kama mrija wa kupumulia unahitajika, presha iandaliwe kwanza: noradrenalini iwe inatembea au tayari mkononi, na ketamini, dawa ya usingizi, itolewe kwa kipimo kilichopunguzwa. Baadhi ya wagonjwa wa sepsisi husimama moyo katika dakika hizi, si kwa sababu ya mrija bali kwa sababu ya dawa za usingizi kumkuta mtu asiye na akiba.

Mashine iwekwe kwa mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaotarajiwa kwa urefu wake, si uzito wa mizani. Kwa mwanamke, chukua urefu kwa sentimita, toa 152.4, zidisha kwa 0.91, ongeza 45.5, kwa mwanamume ongeza 50. Mwanamke wa sentimita 160 anatarajiwa kuwa na kilo 52.4, na pumzi yake ni kiasi cha mililita 314. Shinikizo la mapafu yaliyotulia lisizidi 30 cmH2O. Mapafu yakiharibika sana, alazwe kifudifudi zaidi ya saa 12 kwa siku. Kazi hii haihitaji mashine mpya, inahitaji watu watano waliofanya mazoezi pamoja.

Hatua ya saba: uangalizi wa kila saa

Sukari ipimwe mara kwa mara, hasa kwa mwenye malaria, ini bovu au utapiamlo. Insulini huanza sukari ikifika 10 mmol/L, na lengo ni 8 hadi 10. Tone la kidole hudanganya katika mshtuko, kwa hiyo tumia damu ya mshipa. Damu iongezwe himoglobini ikishuka chini ya 7 g/dL, isipokuwa moyo unaumia. Chakula kwa mpira wa puani kianze mapema, ndani ya saa 72. Heparini ya kuzuia damu kuganda miguuni itolewe kama hakuna kutoka damu. Kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, na meno yapigwe mswaki. Dialisisi hufanywa kwa sababu maalumu, yaani potasiamu inayotishia moyo, asidi kali, maji yaliyojaa mapafuni au sumu za mkojo zilizomfikia ubongoni, wala si kwa kreatinini pekee.

Hatua ya nane: siku ya pili na ya tatu, anza kupunguza

Hatua hii husahaulika kwa kuwa mgonjwa ameonekana nafuu. Majibu ya maabara yakirudi baada ya saa 48 hadi 72, punguza antibiotiki iwe nyembamba inavyowezekana, au uiache ikiwa sababu nyingine imepatikana. Kwa maambukizi mengi siku 7 zinatosha chanzo kikiwa kimeondolewa. Utafiti wa BALANCE wa 2024 ulithibitisha hilo hata kwa bakteria waliooteshwa kwenye damu, isipokuwa Staphylococcus aureus, ambayo haikuhusishwa na huhitaji muda mrefu zaidi.

Maji nayo yatolewe. Hesabu kilichoingia na kilichotoka kila siku, ukijumuisha maji ya dawa, ambayo husahauliwa na kufikia lita nzima. Presha ikishasimama bila dawa nyingi, furosemide, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, ina nafasi yake. Kila asubuhi uliza, kwa sauti na mbele ya muuguzi wa kitanda hicho, kama katheta ya mshipa, mpira wa mkojo na dawa za usingizi bado vinahitajika leo.

Ndugu wa mgonjwa

Ndani ya siku tatu za kwanza, keti na familia. Mtafute anayesemea ukoo, mara nyingi mjomba, kaka mkubwa au mama mwenyewe, na uwaeleze kwa lugha ya nyumbani kwamba maambukizi yamefika viungoni, viungo vipi vinasaidiwa, na nini kitaonyesha kama tiba inakwenda vizuri. Waambie gharama za siku kadri unavyozijua. Kama mgonjwa alikuwa na ugonjwa usiopona, uliza angependa nini. Tiba ya kupunguza maumivu na kukosa pumzi isicheleweshwe kwa sababu dawa za presha bado zinaendelea.

Kutoka ICU

Aliyepona sepsisi hutoka akiwa na misuli iliyonyauka, usingizi uliovurugika na figo ambazo pengine hazijarudi zote. Fiziotherapia ianze akiwa bado kitandani. Karatasi ya kuruhusiwa itaje jina la ugonjwa wenyewe, sepsisi, chanzo chake, vimelea vilivyooteshwa, antibiotiki zilizotumika na kreatinini ya siku ya mwisho, ili zahanati iliyo karibu naye ijue inampokea nani. Dawa zake za zamani za presha, sukari na VVU zipitiwe moja moja, kwa kuwa baadhi zilisimamishwa siku ya kwanza na hakuna aliyekumbuka kuzirudisha. Apangiwe kliniki ndani ya wiki mbili, apimwe figo, na ndugu zake waambiwe wazi kwamba pumzi za haraka, kuchanganyikiwa, mkojo uliopungua au mwili kuwa wa baridi ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, bila kungoja tarehe ya kliniki.